Steringi Hafi

Steringi hafi jamani, ndiyo sheria ya picha,
hata apigwe kichwani, kovu kofia huficha,
adui yu mlimani, acheka, anoa kucha;
mwisho wake harusini, twatoka nje kumekucha.

Mvua huleta wimbo, na wimbo huleta penzi,
kofia nyeusi, fimbo, ndiye adui mshenzi,
mlango ulie kombo, jini yuaja na inzi;
kisha Anaeli, Jumamosi moja, akapachika mtamboni
mkanda uliofika Moshi bila picha kwenye kopo.

Ulikuwa mwaka wa foleni za sukari.
Ukumbi wa Njoro ulipakana na ghala la kahawa,
kwa hiyo kila filamu, ya kareti au ya mapenzi,
ilinukia buni.
Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini mbele,
shingo imepinda, mdomo wazi.

Dakika ya saba steringi akafa.
Alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu.
Mlio mmoja, mkavu, kama mtu avunjaye kuni,
bila ngoma, bila tarumbeta ya kutuandaa.
Na kamera haikumfuata sakafuni.
Ilibaki jikoni, kaidi kama punda,
ikitazama maziwa yakipanda kwenye sufuria,
yakipanda,
yakamwagika,
yakazima moto.

Tulingoja aamke. Tulijua anajifanya.
Dakika ya kumi na tano fundi Kirita akasimama:
"Anaeli, umeruka mkanda! Turudishie mtu wetu!"
Karanga zikapiga shuka jeupe.
Aikande wa tiketi akakifunga kisanduku cha hela,
akakikalia.

Tulibaki watu kumi na mmoja, pengine tisa.
Mama Ndeambiliasia, mwenye genge karibu na reli,
hakugusa hata upindo wa khanga kufuta uso.
Akasema, si kwa sauti ya kumwambia mtu:
"Hata wangu alikuwa anafunga viatu.
Na chai ilikuwa jikoni."
Kisha: "Hawa wamejuaje?"

Miaka arobaini nimelibeba swali lake.
Sasa mimi ndiye mtafsiri, kibanda cha Pasua,
maiki moja, spika mbili, feni inayokohoa;
mia tano kiti, mia tatu benchi.
Picha za siku hizi zinanipa kazi.
Jini anatoka mchana kweupe, jiko safi, vigae vinang'aa,
hakuna mlango unaolia, na vijana wa bodaboda
wanachungulia nyuma ya helmeti zao.
Kauboi anashuka farasi kutafuta miwani.
Penzi linaanzia mahakamani, kwenye talaka,
linarudi kinyumenyume hadi siku walipogongana sokoni,
nyanya zikamwagika, wakacheka;
wao wanavyocheka ndivyo benchi linavyonyamaza.

"Dijei, mbona kimya? Tafsiri!"
Nitafsiri nini? Mtu anaangalia dirisha.
Zamani ningemjazia: deni, mchumba,
mama mgonjwa Machame.
Sasa namwacha na dirisha lake.

Wiki iliyopita mmoja alidai hela, nikamrudishia.
Mwenzake alibaki hadi majina yalipoisha kupita,
kamba ya kiatu chake imelala sakafuni.
Sikumwambia aifunge.

Haya, kaeni. Tunaanza.

Steringi hafi jamani, ndiyo sheria ya picha,
hata apigwe kichwani, kovu kofia huficha,
adui yu—

Nazima maiki.
Sikieni maziwa.