Kilomita Elfu za Mwanzo

Nimetoka eda Ijumaa.
Jumatatu Chengo akanipigia kutoka gereji ya Shimanzi:
"Mama Nabhan, moyo tumeurudisha.
Njoo uichukue, lakini usije na haraka."

Gari ni Pijo ile ile ya Mahfudh,
rangi ya chai ya maziwa,
mlango wa nyuma hausikizani na fremu.
Kilichobadilika kiko chini ya boneti:
silinda zimechongwa, ringi mpya,
pistoni zimetolewa kwenye karatasi ya nta
zinanuka duka, hazijaujua moto.

Chengo anafuta mikono kwa tambara lililokuwa shati,
anainama dirishani, anasema taratibu
kama kungwi aliyekabidhiwa mwali wa watu:

Kilomita elfu. Usivuke themanini.
Mlimani usiilazimishe gia ya nne, shusha,
iache ihemee ya tatu.
Usishike mwendo mmoja. Panda, shuka, panda tena,
ringi zipate kukaa kwenye kuta zake.
Usiiache ikinguruma bure mlangoni ukingoja watu wavae.
Usibebe mawe, wala saruji, wala mashemeji.

Nikacheka.
Miezi minne na siku kumi
sikuwa nimecheka mbele ya mwanamume.

Mahfudh aliitoa gari bandarini ikiwa changa,
na siku hiyo hiyo akaipeleka Voi,
mguu chini, vioo wazi, kofia ikaruka Maungu.
"Chuma ni chuma," alisema. "Anayefundishwa ni punda."
Mwaka wa tatu ikaanza kunywa oili kwa siri.
Mwaka wa tano, usiku, Mariakani,
ikalia mara moja tu, ikashikana.
Tulilala humo ndani. Alinifunika koti lake.
Hakusema kosa ni langu au lake;
alisema, "Huku nyota nyingi."

Sasa kila nikishaswali alfajiri natoka Kibokoni
kabla mawifi hawajaamka kuniuliza nauza lini.
Makupa, Changamwe, Miritini.
Malori ya makontena yananisukuma kwa honi,
dereva mmoja akatoa kichwa:
"Mama, unasindikiza jeneza?"
Nikamwashia taa: pita, mwanangu, pita.

Kupanda Mazeras natia ya tatu, nategea sikio.
Siku za mwanzo ilikuwa sauti kavu,
ya mtu anayesugua sufuria kwa mchanga.
Kufika mia tatu ikaanza kumeza maneno.
Leo kwenye kona ya juu, pale pa wauza mahindi,
sikuisikia kabisa kwa muda
nikadhani imezimika,
nikashika usukani kwa mikono miwili kama mgeni.

Nimechukua daftari lake la madeni.
Nyuma ya ukurasa wa deni la saruji naandika:
mia mbili na kumi na mbili.
Mia tatu na tano.
Mia tano kasoro moja, nimegeuza mapema, mvua.

Chengo akafungua nati, oili ikashuka kwenye beseni.
Akazungusha sumaku humo, akaitoa:
imeota unywele mwembamba wa chuma, unang'aa.
Nikashtuka. "Imeharibika?"
"Hapana. Ndiyo kuzoeana huko.
Ukuta umetoa kidogo, ringi imetoa kidogo.
Ungeona vipande, hapo ungelia.
Huu ni unga tu."

Nikachovya kidole.
Nilikiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu,
mpaka magharibi bado kinanukia.

Nabhan anataka kujua tutaenda kasi lini.
Kesho nimemwahidi Mtwapa na kurudi.
Namwambia afunge mkanda,
alete na chupa ya maji,
ya kwake na ya rejeta.