Shilingi Mbili kwa Herufi

Alikuja Jumanne, mvua bado imo nyweleni,
na karatasi aliyoikunja mara nne kama noti ya mwisho.
"Malachy," akasema, "nipigie hesabu."
Nikavaa miwani, nikahesabu kwa ncha ya penseli:

Turlough Hyacinth Fenton,
Baroni wa kumi na moja wa Kilcorran,
Vaikaunti wa tano wa Drumavalla,
Baroneti, Mlinzi wa Kivuko cha Shannon kwa kurithi
(kivuko kilikufa reli ilipokuja),
mwana wa, mjukuu wa, kitukuu wa, kilembwe wa...
herufi mia mbili na kumi na nne.
Shilingi mbili kwa herufi.
Nilimwona akizidisha kimoyomoyo,
midomo ikimcheza kama ya mtu kanisani.

Ukoo ule naujua kuliko unavyojijua.
Babangu aliuchonga, na babu, na aliyemzaa babu.
Kabla ya ubaroni waliitwa Mac Fiontáin,
wenye ng'ombe elfu na vilima vitatu,
na mkuu wao alichaguliwa na ndugu zake,
mguu mmoja juu ya jiwe, fimbo nyeupe mkononi.
Ndipo Lochlann akavuka maji kwenda kupiga goti London.
Akaivua Mac yake mlangoni kama kiatu chenye tope,
akarudi na karatasi
iliyompa ardhi aliyoondoka akiwa nayo.

Huyo wa kwanza.
Wa pili akabadili kanisa, wa tatu akabadili ulimi.
Mmoja aliuza kura yake akapewa uvaikaunti
mwaka ule Bunge la Dublin lilipojipigia kura life.
Na Marcus, wa mwaka wa viazi kuoza,
jiwe lake linasema *Rafiki wa Maskini*.
Herufi kumi na tano. Za kwetu hizo,
zilichongwa kwa kibaba cha unga wa mahindi
mwezi uleule Gobnait, mama wa mchongaji,
alipotolewa nje, paa likaangushwa nyuma yake,
akafia daraja la pili akielekea mjini.
Jiwe hana.

"Toa Mlinzi wa Kivuko," akasema Ismena.
Nikakata.
"Toa Baroneti."
Nikakata.
Kwenye Vaikaunti alikaa kimya,
akitazama vumbi la chokaa kwenye dirisha langu.
Jumba lao halina paa tangu lichomwe;
mzee alilala chumba cha mtunza bustani,
akitengeneza saa za watu wa kijiji.
Alisahau kutoza, au aliona haya kutoza, sijui.

"Na mrithi?" nikauliza, nami najua.
"Cheo hakipiti kwa mwanamke," akasema.
"Kimefika kwangu kikasimama. Saa mbovu
ambayo yeye mwenyewe hakuiweza." Akacheka kidogo.
"Toa. Toa vyote. Weka jina,
miaka miwili, na kwamba alitengeneza saa."

Jiwe la kaburi, theluthi yake huliwa na udongo.
Huko chini, pasiposomwa,
nilichonga usiku, bila taa kubwa, herufi saba.

Siku ya kulisimamisha tulikuwa watatu:
mimi, mpwa wangu Colm, na yeye kwa viatu vya mvua.
Kamba ilikaza, jiwe likainama juu ya shimo,
naye akainama nalo.
Akasoma. Hakuuliza ni nani.
Kamba ilikuwa inanila viganja.
"Teremsha, Colm," nikasema, "teremsha."

Tulipomaliza kushindilia udongo
alifungua mkoba, akahesabu kwa sauti ndogo
shilingi kumi na nne,
akazipanga kwenye nyasi, moja moja,
akaenda zake bila kwaheri.

Sikuzigusa. Niliapa sitazigusa.
Asubuhi nilirudi, nyasi zilikuwa nyasi tu,
na Colm, nasikia, jana yake
aliwanunulia wote baani.