Mngurumo wa Chini

Si kelele. Sikio haliikamati.
Inapanda kwa miguu ya kitanda,
inaingia mbavuni, inahamia.
Huku Katuba, maji ya sufuria
huchora duara usiku kucha,
duara ndani ya duara,
kwa amri ya feni ya kiwanda cha shaba.

Mwepu akakata tairi kuukuu la lori,
vipande vinne, unene wa kiganja.
Akalegeza bolti, akapiga jeki,
akaiketisha feni juu ya mpira
taratibu,
kama anayemlaza mgonjwa.

Saa nane usiku, sufuria ni kioo.
Mtoto amelala. Mbwa amelala.
Mwepu, macho kwenye mabati,
anasikia nyuma ya ukuta
kikohozi cha mama yake,
kikavu, kizoefu.

Tangu lini?