Kizingiti cha Chuma

Siku ya kumi na moja tangu tutoke Nebraska,
Duane kaegesha trela kwenye changarawe kando ya Ziwa Erie,
kaweka vigogo nyuma ya magurudumu,
kaunga mpira wa maji, ukavuja, akatukana kidogo,
kisha akasema: Haya, twende tukaione manowari yako.

Si yangu. Wala si ya baba.
Ya baba ilikatwakatwa mwaka niliozaliwa,
ikauzwa kwa uzito; pengine imekuwa nyembe,
pengine ni huu mnyororo unaofunga trela kwa gari.
Hii ni ndugu yake tu, kiwanda kimoja, tumbo moja,
imefungwa gatini kwa kamba nene kama paja.
Kiingilio dola kumi na nne, wazee kumi na mbili.
Duane akatoa kitambulisho kabla hajaombwa.

Mtembezaji wetu, Bwana Wojtkowiak,
ana rangi ya kijivu chini ya kucha.
"Haiendi popote tena," asema. "Sisi twaipaka rangi tu.
Tukifika tezi, kutu imesharudi omo."

Jikoni, baharia wa plastiki
anakaanga mayai ya plastiki, anatabasamu.
Chini zaidi, vitanda vitatu vitatu, kimoja juu ya kingine.
Duane apima kwa shibiri: "Chetu kinakizidi kwa mbili!
Na wewe kila usiku walalamika."
Nacheka. Kunanuka mafuta mazito
na kitu kingine, kama nguo iliyokunjwa ikiwa na unyevu.

Kisha mlango wa kwenda chumba cha boila,
tundu la yai katika ukuta wa chuma,
na sauti ya mzee mbele yangu:
"Inamisha kichwa. Inua mguu."

Nikasimama. Watu nyuma yangu wakasimama.

Nyumba yetu ilikuwa na milango mirefu,
farasi angepita na mpanda wake.
Na baba, mtu mfupi, muuza mbegu za mahindi,
kila akiingia jikoni aliinamisha kichwa
akainua mguu wa kulia juu ya hewa tupu.
Kila siku. Miaka arobaini.
Kaka yangu Merle alimwigiza na bakuli la njegere mkononi,
akaruka nyoka asiyekuwepo,
sisi tukacheka hadi maziwa yakatutoka puani.
Mama alisema: Mwacheni, ndio mwendo wake.
Baba aliketi, akaomba chumvi.

Wasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Cha baba kilikuwa na unyayo tu.

"Mara mia kwa siku," asema Wojtkowiak,
"gizani, mbio, kengele inalia.
Usipouinua, ugoko umekwenda.
Mguu ukishajifunza, basi.
Nani ataujulisha kwamba vita vimekwisha?"

Nikaweka kiganja juu ya kizingiti.
Katikati kimelika, kinang'aa, laini kama sabuni.
"Hapo," akasema mzee, "rangi haishiki."
Mtoto wa shule akanipita, akajikwaa, akalia,
mwalimu akampulizia goti.
Nikainama. Nikauinua wangu.

Usiku mvua yapiga bati la trela.
Tumekula maharage ya kopo.
Nikampigia Merle, yuko Lincoln, nikamweleza yote:
tundu, chuma, mguu.
Akanyamaza; nilisikia televisheni yake
ikitangaza bei ya magodoro.
"Nilikuwa na miaka tisa," akasema mwishowe,
kana kwamba nimemfikisha mahakamani.
"Najua," nikasema. "Mimi nilikuwa saba."

Duane alikuwa nje na tochi.
Mlango wa trela ni mfupi, kila mtu huinama.
Akaingia, ameloa mabega,
akaniangalia, akaangalia simu,
akasema mpira bado unavuja,
ataushughulikia asubuhi.