Ulikuwa na Nakala?

Umeme ulikatika saa tatu kasoro,
ukarudi kwa hasira. Feni ikanguruma,
balbu ya ukumbini ikapasuka paa!
na kompyuta yangu ikanyamaza
kama mtu aliyeambiwa neno zito mbele ya wageni.

Asubuhi nikaifunga kwa kanga, nikaipeleka Kariakoo,
Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, juu ya duka la kava za simu.
Fundi Mbaruku akaifungua kwa bisibisi nyembamba kama kijiti cha meno,
akaitoa diski, akaiweka sikioni, kisha akanipa na mimi.
Tk. Tk. Tk.
Mjusi ukutani.
"Sindano imekwaruza sahani. Hii imekwenda, dada."
Halafu akauliza, kwa sauti ya chini,
kama daktari anayeuliza umri wa marehemu:
"Ulikuwa na nakala?"

Nakala!
Nyumba yangu Magomeni ina nondo madirishani,
mlango una kufuli mbili na komeo,
kompyuta yenyewe nilikuwa naivisha kitambaa cha kufuma
isiingie vumbi.
Nililinda chungu. Mchuzi sikuulinda.

Miaka kumi na moja ilikuwa humo.
Bei ya mkaa, mwezi kwa mwezi.
Shamte alipouita mwezi "taa ya Mungu", akaomba izimwe alale.
Waliochangia mazishi ya baba, na kiasi,
na aliyesimama mbele za watu akaahidi, mpaka leo.
Siku Jangwani ilipojaa, godoro likapita linaelea
na paka juu yake, ametulia kama abiria aliyelipa nauli.

Nikashuka ngazi, nikatembea hadi Mnazi Mmoja,
nikakaa kwenye benchi, nikajaribu kujisoma kichwani.
Mkaa wa mwaka ule ulikuwa shilingi ngapi? Sijui.
Mama alikuwa akilikosea vipi jina la dawa yake?
Nilicheka sana, nikaandika. Nikishaandika, nikasahau,
maana ndiyo raha ya kuandika.

Kitu kimoja tu kilikuja, kizima, bila kuitwa,
ubeti nilioutunga kwenye arobaini ya baba:

*Kalamu umeiweka, wino ungali mezani,*
*Meli zote zimefika, hesabu zi kitabuni,*
*Tatu ulizoandika, moja i mwangu moyoni,*
*Lala, halitafutika, jina lako mitaani.*

Haikupungua hata mizani moja.
Vina vilikuwa vimeshikana mikono
kama watoto wa chekechea wanaovuka Barabara ya Morogoro:
ukimwona wa kwanza, wa mwisho yupo.

Na baba, karani wa bandarini,
kila mzigo aliuandika mara tatu kwa mkono mmoja:
karatasi nyeupe, ya pinki, ya njano, kaboni katikati.
Nyeupe ya mwenye mali, ya pinki ya ofisi.
"Na ya njano?" nilimuuliza nikiwa mdogo.
"Ya siku watakapogombana hao wawili."
Alikufa na vidole vya buluu.
Mimi mwanawe nikaandika mara moja.

Basi nimenunua flashi mbili na kaunta buku.
Flashi moja itakaa kwa dada Siwema, Mbagala,
ndani ya kopo la maziwa, pamoja na hati za kiwanja.
Diski iliyokufa kachukua Shamte;
sahani yake inang'aa, anajitazamia meno.

Jana usiku nikampigia kaka Zahoro.
Unakumbuka lile godoro la Jangwani? Yule paka?
Akacheka mpaka akakohoa.
"Paka gani? Alikuwa kuku. Kuku mweupe, na alikuwa analalia."

Sikubishana naye.
Nimeandika paka. Chini yake nimeandika: kwa Zahoro, kuku, analalia.
Nimeandika mara tatu.