Pua ya Ronis

Mara ya kwanza nilidhani ni theluji
iliyoyeyuka kwenye buti zangu mlangoni.
Mara ya pili ilikuwa ndani ya kofia.
Mara ya tatu, Ronis, ulinitazama machoni
ukachuchumaa juu ya zulia la marehemu shangazi Vilhelmine,
zulia lililonusurika vita viwili na bomba lililopasuka,
ukakojoa polepole, kama mtu anayetia sahihi.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Kikukojoleacho je?

Nilipiga kelele, ghorofa nzima ikasikia.
Bwana Ojars wa chini akagonga dari kwa ufagio.
Nikakukamata ukosi, nikakusukumia pua kwenye ule unyevu
(hilo hunijia kila ninapokukuna kidevu)
nawe ukajikunja nyuma ya beseni la kuogea siku nzima,
macho mawili ya njano gizani
yakihesabu makosa yangu.

Nikasugua kwa siki. Ukarudi palepale.
Nikasugua kwa amonia. Ukarudi mbio,
maana nilikuwa, bila kujua, nimekuandikia bango:
CHOO NI HAPA.

Nje ilikuwa Januari ya Riga,
madirisha yameganda kwenye fremu, hayafunguki,
na harufu ile ikaketi nasi mezani,
ikala mkate mweusi, ikavaa koti langu,
ikapanda nami tramu hadi duka la miwani
ambako Zaiga alisogeza kiti chake nusu mita.
Hakusema neno.
Nusu mita ilisema.

Dada yangu Mirdza, kwenye simu: "Analipiza kisasi huyo.
Mpeleke shambani akale panya."
Kisasi cha nini? nikawaza,
nikitandika magazeti juu ya kitanda changu mwenyewe.

Daktari Agrita alikubonyeza tumbo kwa vidole viwili tu
ukatoa sauti ambayo kwa miaka sita sikuwahi kuisikia.
Fuwele, alisema. Ndogo kama chumvi, kali kama vioo.
"Kila alipoingia sandukuni, aliumia.
Yeye hajui kama ana kibofu.
Anajua sanduku linauma."

Kisha: sanduku liko wapi?
Kando ya mashine ya kufulia.
Ile inayotetemeka? Hiyo hiyo.
Lina kifuniko? Lina, na kijimlango.
Na mchanga wake?
Wa lavenda, nikasema, kwa fahari kidogo. Ni ghali.
Akaendelea kuandika dawa bila kuinua kichwa:
"Bi Dzintra, hiyo lavenda
uliinunua kwa ajili ya pua ya nani?"

Tukarudi kwa tramu, wewe kikapuni,
mimi na swali mapajani.

Kifuniko nilikitoa usiku uleule.
Lavenda ikaenda jalalani, inukie huko.
Nikamwaga mchanga usio na harufu, kina cha vidole vinne,
na sanduku la pili nikaliweka sebuleni, kando ya piano,
ambapo mgeni ataliona kabla hajaona picha ya harusi.
Na alione.
Zulia nikalilowesha dawa ya vimeng'enya, nikaliacha likauke
kwa wakati wake.
Kijiko asubuhi, kijiko jioni.
Na sauti yangu nikaiteremsha, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi.

Haukuwa muujiza. Jumatano ulikojoa bafuni.
Jumamosi, juu ya gazeti, ukurasa wa siasa;
hapo sikuona sababu ya kukulaumu.

Kisha usiku wa kumi na moja, saa tisa,
theluji ikianguka kimya juu ya mapaa,
nikasikia: kwaru, kwaru, kwaru.
Kimya.
Halafu mchirizi mrefu, mmoja, usio na kilio ndani yake.
Kwaru tena, unafukia, kwa heshima zako zote.

Sikuwasha taa.
Kila mtu na faragha yake.

Na Zaiga, Jumatatu, akarudisha kiti:
robo mita,
kwa kuanzia.