Mara ya Mwisho Kuonekana

Saa saba usiku, Mabatini, umeme umerudi.
Nafungua orodha ya wasimamizi wa Ngome Saba
kama mtu afunguaye jokofu akijua hamna kitu.
Nkwabi: siku mia nne na kumi na mbili.
Minza: siku tisini.
Lushinge: jana, lakini dakika tatu tu.
Alichungulia, hakuandika neno, akatoka.

Watu wa nje wanadhani tuligombana.
Tuligombana, ndiyo. Ugomvi haukumwondoa mtu.
Enzi za ugomvi tulilala saa tisa,
vichwa juu ya kibodi, tukiamua mashtaka:
fulani kamuua mhusika wa fulani bila idhini,
fulani kajipa upanga usiovunjika,
fulani kajiunga juzi, anadai uwaziri.
Tuliandika hukumu ndefu kuliko za Mahakama ya Mwanzo
na hakuna aliyetulipa hata vocha ya jero.

Nkwabi alikuwa mfalme.
Miaka sita, kutoka chumba cha kupanga Igogo
chenye dirisha linalotazama choo cha jirani,
alitawala milima aliyoiandika mwenyewe,
kila bonde na jina lake, kila mto na deni lake.
Nilimwona mwezi uliopita mwaloni Kirumba
akipima magunia ya dagaa, kalamu sikioni.
Nikamwita kwa cheo chake: "Mtukufu!"
Alicheka.
Kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyesikia.
"Nitaingia Jumamosi," akasema.
"Sawa, Jumamosi," nikasema,
sote wawili tukiwa waungwana.

Minza ni habari nyingine. Minza alitunga sheria.
Kifungu cha tisa ni chake:
*Usimchukie mchezaji kwa kosa la mhusika wake.*
Sasa ana zamu Bugando, wodi ya watoto,
na aliniambia kwenye simu, bila hasira yoyote,
"Huku nako nahudumia watu wasiojua jina langu.
Siwezi kufanya hivyo mara mbili kwa siku."

Niliwahi kutaka kuwafananisha na magugu maji:
unalala, kisiwa cha kijani kiko mbele ya kivuko cha Kamanga,
unaamka, upepo umekipeleka kwa watu wengine.
Lakini mizizi ya magugu haigusi udongo.
Ya hawa iligusa. Nilikuwepo walipochimba.

Labda ni hivi.
Siku ya kwanza uliogopa msitu wa Ngome ya Tatu,
na msitu wenyewe ni mistari minne ya maneno.
Uliogopa mpaka ukashusha sauti ya simu
usije ukasikika huko ndani.
Halafu ukapendwa, ukaaminiwa, ukapewa funguo.
Ukawa wewe unayewawashia wengine giza.
Unajua swichi ilipo, unajua mnyama analia saa ngapi
maana wewe ndiye unayelia.
Hapo mtu hafukuzwi.
Anaanza tu kukumbuka kwamba hajafua.

Mimi kesho natakiwa nifungue stendi ya fotokopi
saa kumi na mbili kamili, wanafunzi wa chuo hawangoji.
Wino umeisha. Kodi ya pango nayo inakohoa.
Nanyoosha kidole nizime

na mtu amesimama langoni.
Anajiita Kisu cha Shaba. Ana saa moja tangu azaliwe.
Ameandika, kwa makosa mawili ya tahajia:
*Hodi. Kuna mtu humu au nimechelewa?*

Nakaa.
Naandika: *Mlinzi anainua taa. Anakohoa.
Anaitazama miguu ya mgeni, imejaa vumbi.
"Karibu," anasema, "lakini usikanyage hapo."*

Kule kwenye orodha, nukta ya kijani.
Lushinge.
Simsalimu. Naendelea polepole, nikichagua maneno,
napanga vivuli, namlisha mgeni ugali wa mtama,
namwacha mnyama alie mbali kidogo kuliko kawaida.

Nukta inazima.
Safari hii, dakika nne.